Anayetuambia tusubiri, yeye anasubiria wapi?

Hii ni hotuba niliyotoa Siku ya Wafanyakazi hapa Busia, upande wa Uganda. Wengi mlikuwa zamu, wengine mlikuwa barabarani na mizigo, mkaniomba niiweke yote. Basi nimeiandika vile nilivyoisema, sijapunguza.

Wazee wetu, mama zetu wa soko, madereva mliopaki trela mkaja kukaa na sisi, masista mliotoka zamu ya usiku na bado hamjalala, askari wa ulinzi, vijana wa boda, walimu wenzangu, hamjambo? Hamjambo tena? Haya, asanteni.

Mi ni mwalimu, nafundisha Kiswahili, wengi hapa mnanijua kwa hilo au nimewafundishia watoto. Nimeombwa niongee juu ya haki za mfanyakazi, nikakaa siku tatu nafikiria niseme nini ambacho hamjasikia. Mwisho nikaona kuna jambo moja ambalo karibu kila mgomo linajitokeza, na likijitokeza linachoma kuliko hata mshahara wenyewe. Mko kwenye mgomo, unga umeisha ndani, mkubwa amewaambia hela hakuna vumilieni, halafu usiku unafungua simu unamuona yuko beach. Mmewahi kuona hiyo? Nyosheni mikono nione. Naona mikono mingi. Mama, wewe umenyosha miwili.

Sasa nataka tushike swali moja leo, nitalirudia mpaka mlibebe hadi nyumbani. Anayetuambia tusubiri, yeye anasubiria wapi?

Nianze na langu. Zamani kidogo, kabla sijaingia serikalini, nilifundisha shule moja ya binafsi, sitaitaja. Ilikuwa muhula wa pili, hatujalipwa mwezi wa tano, wa sita, wa saba unaisha. Dairekta akatuita ofisi ya walimu, akaongea kwa upole kabisa, hakufoka, akasema wazazi hawajaleta ada, benki inamsumbua, hata yeye halali. Akasema, walimu wangu, sote tunaumia, vumilieni kidogo. Nawaambia ukweli, tulimuonea huruma. Kuna mwalimu mzee hata alisimama akamuombea dua.

Tulivumilia wiki moja, ikafika mbili, hakuna kitu, tukaweka chaki chini. Siku ya tisa au ya kumi ya ule mgomo, mwalimu mwenzetu mmoja, mama aliyekuwa ametoka kujifungua, alirudi nyumbani akakuta mwenye nyumba amepiga kufuli lake juu ya kufuli lake yeye. Nguo za mtoto ziko ndani, sufuria ziko ndani, kila kitu. Akaja kwetu na mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa plastiki, mke wangu akamtandikia sebuleni. Usiku huo huo, tumekaa hapo na taa ya sola, mwalimu mwingine akanitumia picha aliyoitoa kwenye stetasi ya WhatsApp ya dairekta. Zanzibar. Bahari nyuma, sahani ya kambakochi mbele, na maandishi, Mungu ni mwema.

Yule mama aliomba aione. Nikampa simu. Aliitazama muda mrefu, hakusema neno, akanirudishia simu, kisha akamuuliza mke wangu kama kuna maji ya moto ya kumkanda mtoto. Angetukana ningeelewa. Angelia ningeelewa. Ule ukimya wake nimekaa nao miaka yote hii.

Dairekta alirudi na makopo mawili ya chokoleti, akayaweka kwenye meza ya walimu. Hakuna aliyeyagusa. Yalikaa pale mpaka sisimizi wakayajaza, na aliyekuja kuyatoa ni yule mzee mfagizi, ambaye naye alikuwa anadai miezi mitatu.

Sasa nisikilizeni vizuri manake hapa ndo watu wanapotea njia. Kilichotuumiza ni Zanzibar? Hapana jamani. Mtu kupumzika si dhambi. Hata sheria yetu hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, inakupa siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne uliyofanya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka, na wengi wenu hapa hamjawahi kuzipata hizo siku na hamjui hata kama ni zenu. Ni zenu! Askari unayelinda geti usiku kucha siku saba kwa wiki, ni zako. Kwa hiyo sijaja hapa kusema wakubwa wasipumzike. Mi nataka sote tupumzike.

Kilichotuumiza ni lile neno, sote. Alisema sote tunaumia. Alikuja kwetu kukopa uvumilivu, na sisi tukamkopesha, na dhamana aliyoweka mezani ni hilo neno. Tulipoona ile picha tukajua dhamana ilikuwa hewa. Anayetuambia tusubiri, yeye anasubiria wapi? Sisi tulisubiria sebuleni kwangu, na mtoto wa wiki tatu.

Niwapeleke mbali kidogo, Uingereza, Januari 1979. Wazee mlioko hapa Januari hiyo mnaikumbuka kwa mambo mengine kabisa, sisi tulikuwa na vita, majeshi ya Tanzania na ndugu zetu waliokuwa uhamishoni wanapanda kuja, mpaka tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka na Amin akakimbia. Uingereza wao walikuwa na baridi kali na migomo. Serikali iliyokuwepo ni ya chama cha Labour, na muelewe, hicho ni chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi vyenyewe, ni kama mtoto wao. Huyo mtoto akasema mishahara isipande zaidi ya asilimia 5, wakati bei za vitu zilikuwa zinapanda kuliko hiyo. Wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford wakagoma wakapata karibu asilimia 17, basi kila mtu akasema kumbe inawezekana. Wakafuata madereva wa malori, na madereva nyinyi mnajua mkisimama nini kinatokea, si mnakumbuka Januari 2022 mliposimama Malaba na hapa Busia kwa ajili ya ile hela ya kupimwa kovidi, dola 30 mtu mmoja, foleni ikaenda kilomita na kilomita, na ndani ya nchi petroli ikapanda mpaka sehemu zingine lita ikafika elfu kumi na zaidi? Basi Uingereza ilikuwa hivyo na zaidi. Ilifika mahali wachimba makaburi wa Liverpool wakagoma maiti zikawa zinasubiri kuzikwa, takataka zikarundikana hadi katikati ya London, na tarehe 22 Januari wafanyakazi wa umma kama milioni moja na nusu wakatoka kazini siku moja.

Sasa mambo hayo yakiwa yanaanza kushika moto, waziri mkuu James Callaghan alikuwa wapi? Alikuwa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, kwenye mkutano na Carter wa Marekani, Giscard d'Estaing wa Ufaransa na Schmidt wa Ujerumani. Niseme haki, ilikuwa kazi kweli, waliongea mambo mazito ya silaha za nyuklia. Lakini nyumbani kwenye theluji zilifika habari za jua na bahari, na baada ya mkutano akapitia Barbados siku chache. Tarehe 10 Januari anashuka uwanja wa Heathrow, waandishi wanamuuliza juu ya vurugu nchini, na yeye anajibu kwamba haoni kama watu wengine duniani wangekubali kuwa kuna vurugu inayozidi. Kesho yake gazeti la The Sun likapiga kichwa kikubwa ukurasa wa mbele: Mgogoro? Mgogoro gani?

Ndugu zangu, hayo maneno Callaghan hakuyasema. Hakuyasema kabisa. Ni mhariri aliyeyatunga. Lakini mzee amefariki tangu 2005 na mpaka leo ukitaja jina lake watu wanakutajia hayo maneno ambayo hayakutoka mdomoni mwake. Kwa nini yalimganda? Kwa sababu yalifanana na pale alipokuwa ametoka. Ile kauli yake angeitoa amesimama kwenye foleni ya mafuta na koti limelowa, watu wangebishana naye wakaenda zao. Aliitoa anatoka kwenye jua. Mahali unaposemea neno panaingia ndani ya neno lenyewe, huwezi kuvitenganisha, na kiongozi ambaye halijui hilo hajawahi kukaa nyumba ambayo watu wanasubiri chakula.

Lakini hadithi haijaisha, na hapa naomba masikio yenu yote. Tarehe 28 Machi mwaka huo bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani na serikali, 311 kwa 310. Kura moja! Tarehe 3 Mei wakafanya uchaguzi, akashinda Margaret Thatcher wa chama pinzani cha Conservative. Na lile gazeti lililotunga kichwa cha habari ndo lililowaambia wasomaji wake wampigie Thatcher kura. Wafanyakazi walipata nini? Walipata sheria mpya za 1980 na 1982 za kubana vyama vyao, na wachimba makaa ya mawe waliogoma kuanzia Machi 1984 wakakaa nje mwaka mzima, wakarudi migodini Machi 1985 bila kitu mkononi. Kuna watu walikasirishwa na likizo ya Barbados, hasira ya haki kabisa, na hasira yao ikavunwa na mtu ambaye hakuwa rafiki yao. Kwa hiyo siku ukiona hasira yako inashangiliwa, geuka utazame anayeshangilia ni nani na anataka nini. Mi sisemi usikasirike. Nasema usiikabidhi hasira yako kwa mtu usiyemjua.

Turudi karibu, hapo ng'ambo ya geti tu. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kuanzia katikati ya Machi mpaka tarehe 8 Mei, siku 56, na sisi watu wa mpakani tunajua manake mgonjwa wa upande ule ni shemeji yangu upande huu. Kitu kikubwa kilikuwa malipo ya madaktari intani, yaani waliomaliza chuo wako kwenye mafunzo ya kazi, mkataba wa 2017 ulisema walipwe kama 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Rais Ruto akasema hela hiyo haipo, lazima nchi iishi kulingana na uwezo wake. Sasa hiyo ni kauli ambayo kila mwenye nyumba anaielewa, hata mi naisema nyumbani kwangu. Lakini mgomo umeisha, hazijapita wiki mbili, akasafiri kwenda Marekani kwa ndege ya kukodi ya kifahari. Haikuwa likizo, ilikuwa ziara ya kiserikali, na baadaye alijitetea kwamba gharama yake haikufika milioni kumi za Kenya. Sawa. Lakini yule daktari intani aliyeambiwa ishi kulingana na uwezo, alikuwa anaiangalia ile ndege. Mnamlaumu akiuliza? Nigeria nako, Rais Buhari alipanda ndege kwenda London kwa madaktari wake tarehe 30 Machi 2021, na tarehe 1 Aprili madaktari vijana wa hospitali za serikali wakaanza mgomo. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa, sitamcheka mtu ugonjwa. Lakini hospitali anazozikimbia mkubwa ndo hizo hizo anazotuambia tusubirie, na siku akiugulia hapo hapo kwenye wodi yetu, kwenye kitanda kisicho na neti, mimi naamini mazungumzo ya mishahara ya masista yatachukua muda mfupi sana.

Naona sista pale anatingisha kichwa. Eeh sista, wewe unajua.

Sasa tusidhani hii ni shida ya wakubwa wa serikali na mabosi peke yao. Mwaka 2023 Marekani, waandishi wa sinema waligoma tangu mwezi wa tano, na Julai waigizaji nao wakajiunga. Tarehe 13 Julai, siku mgomo wa waigizaji unatangazwa, mkuu wa kampuni ya sinema ya Disney, Bob Iger, alikuwa Sun Valley, huko milimani Idaho, mahali matajiri wakubwa wa biashara hukutana kila mwaka mwezi huo, na akiwa hapo hapo akaiambia televisheni kwamba matarajio ya wagomaji hayaendani na hali halisi. Siku moja kabla, bodi ya kampuni ilikuwa imemuongezea mkataba mpaka mwisho wa 2026. Watu waliwaka, na mnaweza kuelewa. Lakini siku chache kabla ya hapo, rais wa chama cha waigizaji chenyewe, mama Fran Drescher, naye picha yake ilitoka Italia, kwenye sherehe ya mavazi ya Dolce & Gabbana, yuko na Kim Kardashian. Na wanachama wake wakauliza swali letu lile lile. Chama kikaeleza kwamba ilikuwa kazi aliyokuwa ameikubali, kamati ilijua, na muda wote alikuwa akiwasiliana na wenzake waliokuwa mezani. Yeye akarudi, akasimama mbele ya kamera akatangaza mgomo kwa sauti ambayo dunia nzima iliisikia, na akabaki nao siku 118 mpaka tarehe 9 Novemba.

Mnaona tofauti? Wote wawili walipigwa picha mahali pazuri, mmoja akatoka akaja kukaa na watu wake siku 118. Mi namheshimu kwa hizo siku, ile picha nimeisamehe.

Na sisi hapa je? Viongozi wetu wa vyama, wale tunaowachagua sisi wenyewe kwa kunyosha mikono? Nilikuwa kwenye mgomo mmoja, sisemi wapi wala chama gani, tumechanga hela ya maji na nauli za wajumbe, mwakilishi wetu akapotea siku nne. Simu inaita haipokelewi. Kumbe yuko Jinja kwenye hoteli ya pembeni ya mto, ameitwa semina na watu wa mwajiri, amekubali, amelala kitanda kizuri. Alipokuja akasema nilikuwa nawawakilisha. Labda ni kweli. Lakini hakutuaga. Angesema tu, jamani nimeitwa Jinja siku nne, hoteli inalipwa na mwajiri, mnaonaje, tungemruhusu, tena tungempa na maneno ya kwenda kusema. Hiyo ndo ninayoitaka kutoka kwa kila tunayemchagua. Aage. Mtu mzima akitoka nyumbani anaaga.

Kuna mzee mmoja wa jirani zetu nataka kumtaja. Oktoba 1966, Dar es Salaam, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na moja ya malalamiko yao ilikuwa kwamba watakatwa mshahara, watabaki na asilimia 40 tu. Wakafika mbele ya Mwalimu Nyerere. Alikasirika sana, akawafukuza kama mia nne, na mimi kama mwalimu lile la kuwafukuza silisifii, kijana akiuliza juu ya mshahara hajakosea. Lakini siku ile ile, hapo hapo mbele yao, alisema mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, wa kwake ukiwemo, na akaukata wa kwake kwa asilimia 20. Alianza na mfuko wake. Unaweza kubishana naye juu ya yote mengine, na wale vijana walikuwa na haki ya kubishana, lakini lile swali letu kwake linapata jibu. Yeye anasubiria wapi? Hapa, na ninyi, na asilimia ishirini pungufu.

Nimeona muda unaenda, mwenyekiti ananiangalia. Nimalizie ile hadithi ya shule manake sikuimaliza, na kipande kilichobaki ndo kinachoniuma zaidi kwa sababu kinatuhusu sisi, si dairekta.

Ile picha ya Zanzibar ilipotufikia, tuliisambaza. Ndani ya siku mbili kila mzazi alikuwa nayo. Tukatengeneza grupu ya WhatsApp, na kwenye hiyo grupu kwa wiki mbili nzima hatukuongea kitu kingine. Kambakochi ni shilingi ngapi. Hoteli ni ipi. Yule mwanamke anayeonekana kivuli chake ni nani. Watu walikuwa hawalali wanachunguza. Nami nilikuwemo, niliandika sana humo. Kisha siku moja dairekta akakubali kukaa na sisi, mbele ya mzee wa kanisa na mwakilishi wa wazazi. Akafungua kitabu chake akauliza swali moja tu, kila mwalimu anadai kiasi gani?

Tukatazamana.

Wengine walisema miezi mitatu, yeye akaonyesha kuna waliochukua advansi mwezi wa tano. Wengine walisema makato ya mfuko wa jamii, NSSF, hayakupelekwa, lakini hakuna aliyekuwa ameenda kuchukua taarifa yake. Mzee mfagizi hakuwa na karatasi yoyote, hata barua ya kuajiriwa. Yule mama mwenye mtoto alikuwa anadai na mwezi mmoja wa mwaka uliopita, lakini hakukuwa na mtu aliyeandika. Mzee wa kanisa akasema nendeni mkajipange mrudi. Tulirudi baada ya wiki, tumepoa, wengine wameshapata kazi kwingine, na tukapokea nusu. Nusu! Tulikuwa na picha yake nzuri kabisa, inaonekana hadi saa ya mkononi, lakini hatukuwa na orodha ya madai yetu. Yule mama hakuwahi kulipwa ule mwezi wa mwaka uliopita, na mi niliyekuwa nimekaa na simu usiku kucha sikuwahi kumuuliza, mwalimu, wewe jumla yako ni kiasi gani?

Ndo maana mwaka 2022 tulipogoma walimu wa sanaa na wa msingi, kuanzia tarehe 15 Juni, baada ya mwalimu wa sayansi mwenye digrii kupangiwa milioni 4 na sisi kuachwa kwenye milioni moja na kidogo, na mwalimu wa msingi kwenye kama laki tano, mi sikufuata nani yuko hoteli gani. Nilikaa kwenye shamba langu la muhogo na daftari. Mgomo uliisha mwanzoni mwa Julai, hatukupata tulichotaka, mnajua. Na mwezi huo huo baraza la mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Nilifurahi na nikaumia siku moja. Lugha yangu imeitwa ya lazima, na mimi ninayeifundisha nimeambiwa nisubiri. Mpaka leo nasubiri, na daftari ninalo, kila mwezi naandika.

Basi sikilizeni. Kiongozi akitwambia hela hakuna, tumuulize kwa adabu mambo haya, mbele ya watu, na majibu yaandikwe. Wewe umejipunguzia nini? Mpaka lini, tarehe gani? Na kwa muda huu utakuwa wapi, tukikutafuta tukupate kwa nani? Kama ana safari aiseme leo, tusiikute kwenye simu. Na picha ikija, itunze, usiibadilishe, usimwekee maneno ambayo hakuyasema, andika tarehe, halafu weka simu chini urudi kwenye daftari lako la madai.

Pale mezani karibu na mlango kuna vitabu vitatu vya hesabu, vikubwa, mama wa soko wamevinunua kwa hela yao, tuwapigie makofi. Kimoja cha walimu na wafanyakazi wa shule, kimoja cha masista na watu wa zahanati, kimoja cha madereva na askari wa ulinzi. Andika jina, mwezi, kiasi unachodai, na kama una karatasi yoyote ipige picha hapo hapo, kijana yule mwenye shati la bluu atakusaidia. Wasiojua kuandika msiogope, mimi nitakaa pale mpaka saa kumi na mbili jioni niandike. Na wafagizi na wapishi, msikae nyuma, njooni muwe wa kwanza. Mzee, wewe hapo, simama tuanze na wewe.